Waya wa Dunia: Uhakiki wa Istilahi za Taa za Nyuma za Gari

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi zilizotumika katika kijitabu kimoja cha ufundi wa magari, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na kuletwa kwetu ili tukitolee maoni. Sitamtaja mfasiri wala waliompa kazi hiyo, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza si yake peke yake; ni yetu sote tunaoshughulika na uundaji na usanifishaji wa istilahi. Kijitabu chenyewe ni kifupi. Kinaeleza namna ya kubadili nyaya za gari la zamani ili lipate kufungwa taa za nyuma za toleo la baadaye.

Gari linalohusika ni Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo kama wa kobe, ambayo wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki wanaifahamu. Ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1962, na haikukoma kutengenezwa mpaka mwaka 2003 huko Meksiko. Gari la kijitabu ni la mwaka 1965, lenye umeme wa volti 6. Taa zinazotakiwa kufungwa ni zile kubwa za mviringo zilizoanza na magari ya toleo la 1973. Wenye magari hayo ya kale hupenda badiliko hilo kwa sababu ya maana: taa za zamani ni ndogo, na dereva anayefuata nyuma usiku huziona kwa shida.

Yafaa niseme tangu mwanzo kwamba Kiswahili cha kijitabu ni kizuri. Sentensi zake zimenyooka na upatanisho wa kisarufi haukuvunjwa. Lakini hapo ndipo penye hatari. Tafsiri yenye sarufi mbovu humfanya msomaji ajihadhari; tafsiri fasaha humfanya aamini. Na katika kazi ya umeme, aaminiye neno lisilo sahihi huunguza waya, na pengine huunguza gari zima.

Vitu vyenyewe

Kabla ya kuyahakiki majina, sharti tuvijue vitu. Taa ya nyuma, ingawa kwa macho ni kitu kimoja, ni nyumba yenye wapangaji kadhaa. Katika gari la mwaka 1965 mna balbu mbili zinazofanya kazi tatu. Balbu ya juu ni ya indiketa. Balbu ya chini ina nyuzi mbili ndani yake: uzi mdogo huwaka muda wote taa za gari zinapokuwa zimewashwa, ili gari lionekane gizani, uzi mkubwa huwaka dereva anapokanyaga breki. Nyuzi zote mbili humulika kupitia kioo kimoja chekundu. Taa za toleo la 1973 zina pia nafasi ya balbu ya tatu, inayowaka gari linaporudi nyuma.

Kwa hiyo fundi hahamishi taa tu. Anahamisha kazi nne, kila moja na waya wake. Waya huo lazima aujue ulikotoka, aujue unakokwenda, na aijue njia ambayo umeme utarudia kwenye betri. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotakiwa kubebwa na istilahi. Na tuone kama zimeyabeba.

Jina moja, kazi nyingi

Kosa la kwanza ni la jina "taa ya nyuma". Mfasiri amelitumia kwa nyumba nzima ya taa, kisha akalitumia tena kwa ule uzi mdogo wa usiku, na katika ukurasa mmoja akalitumia kwa taa ya breki, kwa maneno haya: "waya wa taa nyekundu ya nyuma uunganishwe na balbu ya chini." Taa zote mbili ni nyekundu. Zote ziko nyuma. Zote zimo katika balbu ya chini. Msomaji ataunganisha waya upi?

Tuchukulie kwamba amekosea na kubadilisha nyaya hizo mbili. Katika balbu ya volti 12 uzi mdogo ni wa wati 5 na uzi mkubwa ni wa wati 21. Gari litakwenda usiku likiwa limewasha uzi wa wati 21 muda wote, na dereva akikanyaga breki zitaongezeka wati 5 tu. Anayefuata nyuma hataona badiliko lolote. Atajua kuwa gari la mbele limesimama baada ya kuligonga. Na mwenye gari, akijaribu kazi yake gerejini mchana, atakanyaga breki, atawasha taa, ataona wekundu kila mara, naye ataridhika kwamba kila kitu kinafanya kazi.

Waliotengeneza balbu walilifikiria jambo hili. Katika kitako cha balbu ya nyuzi mbili mna vijino viwili vya kushikia, na kimo cha kimoja si sawa na cha mwenzake, ili balbu isiweze kuingia kinyume na kuzichanganya kazi zake. Istilahi nayo ingefaa iwe na vijino vya namna hiyo: isikubali kuingia mahali pasipokuwa pake.

Kosa kama hilo limo katika neno "nguvu". Kijitabu kinasema "balbu ya nguvu 12", na mahali pengine "balbu ya nguvu 21". Ya kwanza ni volti, ya pili ni wati. Balbu ya volti 12 ikitiwa katika gari la volti 6 ambalo umeme wake haujabadilishwa itawaka kwa unyonge; balbu ya volti 6 ikitiwa katika gari lililokwisha kubadilishwa kuwa la volti 12 itaungua mara moja. Maneno "volti" na "wati" tunayo, yanafahamika na yamezoeleka. Hapakuwa na haja ya kutafuta la Kibantu kwa kuwatia watu gizani.

Waya wa dunia

Sasa tufike kwenye kosa lililonipa kichwa cha makala. Kila palipo na waya wa kurudisha umeme, kijitabu kinasema "waya wa dunia". Nilikichukua nikampelekea fundi mmoja wa umeme wa magari, mtu mzima aliyeanza kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamwomba asome ukurasa mmoja na kunieleza angefanya nini. Alisoma polepole mpaka mahali palipoandikwa "hakikisha waya wa dunia umekazwa", akanyanyua macho.

"Mwanangu," akaniuliza, "dunia hii iko wapi ndani ya gari?"

Nikamwambia, "Mzee, nadhani wamekusudia ethi."

"Aa, bodi! Sasa mbona hawakusema bodi?"

Wepesi wetu wa kwanza, sisi wa ofisini, ni kusema kwamba mfasiri angeandika "ardhi" mambo yangekuwa sawa. Hata mimi nilifikiri hivyo nilipoanza kuandika maoni yangu. Nilipolitazama jambo lenyewe niliona kwamba "ardhi" nalo linapotosha, tena kwa undani zaidi.

Katika nyaya za nyumba, waya wa ardhi kweli huenda ardhini: kuna chuma kilichochomekwa udongoni. Kazi yake ni usalama. Kila kitu kikiwa sawa hakuna umeme unaopita ndani yake, na taa ya nyumbani itawaka hata waya huo ukikatika. Katika gari mambo ni kinyume kabisa. Gari linasimama juu ya mipira, wala hakuna umeme unaokwenda udongoni. Bati la gari lenyewe limefanywa kuwa njia ya kuurudisha umeme kwenye betri, na umeme wote unaoiwasha taa hupita humo. Njia hiyo ikikatika taa haiwaki. Au, lililo baya zaidi, inawaka kwa namna ya ajabu. Umeme uliokosa njia yake hujipenyeza katika uzi wa taa jirani, hata dereva akikanyaga breki akaona indiketa inafifia, au taa ndogo inapepesa pamoja na indiketa.

Mwanafunzi wa shule ya ufundi aliyefundishwa neno moja kwa vitu hivi viwili atachukua alichojifunza nyumbani na kukipeleka kwenye gari. Atadhani waya wa ardhi ni wa tahadhari tu, ataufunga mwisho, na akikosa mahali pa kuufunga atauacha. Katika kazi hii ya Volkswagen hilo ndilo jambo linaloharibika mara nyingi. Taa ya zamani iliyokazwa kwenye madigadi ilipata njia ya kurudisha umeme kupitia bati. Bati likiisha kupigwa rangi mpya au kuingia kutu, au taa mpya ikiwa na kasha la plastiki, njia hiyo haipo tena, na ni lazima uwekwe waya wa peke yake.

Kiingereza kimelichukua jina kutoka kwenye udongo kwa nyumba na kwa gari pia. Wajerumani na Wafaransa hawakufanya hivyo; kwa gari hutumia neno lenye maana ya tungamo, yaani lile pande kubwa la chuma. Mafundi wetu nao, bila ya kuuliza Berlin wala Paris, wamesema "bodi". Jina lao linaeleza umeme unakokwenda. Sioni sababu ya kulikataa ila kwamba halikutoka ofisini.

Hasi na nyeusi

Katika jedwali la mwisho wa kijitabu mfasiri anaeleza kuwa "waya wa dunia, yaani hasi, kwa kawaida ni mweusi." Sentensi hii fupi ina makosa mawili, na yote mawili yametokana na kulipa jambo jina la sifa yake ya bahati badala ya jina la kazi yake.

Kwanza, bodi si lazima iwe hasi. Katika Volkswagen ni hasi. Lakini magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950, zikiwamo Land Rover za wakati huo, ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Atakayefanya "hasi" kuwa kisawe cha "bodi" atalifunga betri la magari hayo kinyume.

Pili, rangi. Mazoea ya kwamba mweusi ni wa bodi yametoka katika magari ya Kiingereza, na mfasiri bila shaka ameyapata huko. Katika gari la Kijerumani waya wa bodi ni wa kahawia, na mweusi ni wa moto: hupata umeme mara ufunguo unapozungushwa. Katika gari la Kiingereza ni wa kahawia ulio wa moto. Hutoka kwenye betri moja kwa moja, hata bila ya kupitia fyuzi. Basi rangi zile zile mbili zimebadilishana kazi kati ya nchi na nchi. Msomaji aliyeambiwa kuwa mweusi ndio wa bodi, naye ana Volkswagen mbele yake, ataukaza kwenye bati waya wenye moto, kisha atazungusha ufunguo. Katika gari hilo si kila waya mweusi unaolindwa na fyuzi. Tukio litakalofuata mafundi wanaliita shoti, na baada ya shoti huja moshi.

Simlaumu mfasiri kwa kutojua rangi za waya za Wajerumani. Namlaumu kwa maneno mawili aliyoyaongeza mwenyewe: "kwa kawaida". Mfasiri anaposema kawaida, aseme ni kawaida ya nani.

Namba na herufi

Kijitabu cha asili kilikuwa na dawa ya maradhi haya yote, nayo imepotea njiani. Wajerumani wana kanuni inayoitwa DIN 72552, inayoipa kila ncha ya kufungia waya namba yake kwa kufuata kazi. Namba 30 ni umeme utokao betri moja kwa moja. 15 ni ule unaopita kwenye ufunguo. 31 ni bodi. 54 ni taa za breki. 58 ni taa ndogo. 49a ni umeme unaopepesa, utokao kwenye flasha ya indiketa. Namba hizi zimechapwa kwenye swichi na kwenye flasha zenyewe. Hazina lugha, kwa hiyo hazihitaji mfasiri.

Mfasiri ameziondoa, nadhani kwa kuona zinamchosha msomaji, na mahali pake ameweka maelezo ya maneno. Herufi L na R, zinazoonyesha indiketa ya kushoto na ya kulia, amezifasiri kwa kuweka herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. Matokeo yake ni K na K. Naomba wafasiri wenzangu wacheke kidogo, kisha wakumbuke kwamba kila mmoja wetu ana K na K zake. Kilichochapwa kwenye chuma hakifasiriwi. Hunakiliwa kama kilivyo na kuelezwa pembeni.

Maneno ya gereji na maneno ya ofisi

Mfasiri ameunda maneno mapya kadhaa. Indiketa ameiita "kielekezi-mgeuko"; taa ya rivasi ameiita "taa-kinyume"; shoti ameiita "mzunguko mfupi". La kwanza ni refu bila ya kuongeza maana. La pili linaweza kufahamika kuwa taa ya upande wa pili, jambo ambalo katika kazi ya kushoto na kulia ni fitina tupu. La tatu ni tafsiri ya neno kwa neno: ufupi unaosemwa humo si wa urefu wa waya, bali ni wa umeme kukwepa kazi na kurudi kwa njia ya mkato. Anayesoma "mzunguko mfupi" haoni hatari yoyote. Anayesikia "shoti" hukimbilia kuchomoa betri.

Ni haki pia kutaja aliyoyafanya vizuri. "Balbu ya nyuzi mbili" ni istilahi safi. Inaeleza kitu kama kilivyo, na ni bora kuliko neno lolote la kukopa. "Kiakisi", kwa kile kipande chekundu kisicho na balbu kinachorudisha mwanga wa gari la nyuma, kinafaa kuenea. Hivyo sisemi kwamba neno la gereji ni zuri siku zote na la kuundwa ni baya siku zote. Nasema kipimo ni kimoja kwa yote mawili: je, jina linataja kazi, na je, linakataa kuchanganywa na jirani yake?

Mapendekezo

Kwa kufuata kipimo hicho napendekeza yafuatayo yajadiliwe. Kila jina nimelipa fasili, kwa kuwa naamini orodha ya maneno mawili mawili, la kigeni huku na la Kiswahili kule, ndiyo iliyotufikisha hapa.

Taa ya nyuma: nyumba nzima ya taa, pamoja na kasha, vioo na balbu zake. Lisitumike kwa balbu mojawapo.

Taa ndogo ya nyuma: taa nyekundu inayowaka muda wote taa za gari zinapokuwa zimewashwa, ili gari lionekane, ncha 58.

Taa ya breki: taa nyekundu yenye mwanga mkali kuliko taa ndogo, inayowaka breki inapokanyagwa, ncha 54.

Indiketa: taa inayopepesa kuonyesha upande ambao gari litageukia, ncha L na R.

Taa ya rivasi: taa nyeupe inayowaka gia ya kurudi nyuma inapotiwa.

Bodi: bati la gari linapotumika kuwa njia ya kurudishia umeme kwenye betri; ncha 31. Waya unaofungwa humo uitwe waya wa bodi. Neno "ardhi" liachiwe nyaya za majumba.

Shoti: umeme kupata njia ya mkato ya kurudi bila ya kupitia kwenye kifaa ulichokusudiwa kukiendesha.

Kwa walimu wa shule za ufundi, naomba waya wa ardhi wa nyumba na waya wa bodi wa gari vifundishwe kwa kulinganishwa, siku moja na ubao mmoja. Kwa watumishi wa Serikali wanaojaza hati za kuagiza vipuri na kutengeneza magari, naomba "taa ya nyuma" isiandikwe peke yake. Iandikwe ni nyumba nzima au ni balbu, na kama ni balbu, ni ya volti ngapi na wati ngapi. Kwa wafasiri, naomba rasimu ya kila kijitabu cha ufundi isomwe na fundi mmoja akiwa na kifaa chenyewe mkononi kabla ya kuletwa kwetu. Na kwetu sisi wa Baraza, naomba tukubali kwamba rasimu isiyosomwa na fundi bado ni rasimu, hata ikiwa imepigwa muhuri.

Nimemrudishia yule mzee ukurasa wake, ukiwa umesahihishwa kwa istilahi zilizotajwa hapo juu. Alisoma mpaka mwisho bila ya kuuliza swali. Kisha akaniambia kwamba katika mstari wa nne nimesahau kuandika kwamba betri lifunguliwe kwanza. Nimeuongeza.